Mkaratusi Ulionichukulia Shemeji

Sabato njema, ndugu zangu. Mzee wa kanisa aliniomba niwatangazie kazi ya Jumatatu, ile ya kukata mikaratusi iliyo nyuma ya kanisa letu. Nitaitangaza. Lakini nimemwomba ruhusa nianze na jambo lingine, kwa sababu wengi wenu hapa Rodi Kopany mnanijua kama mtu aliyeacha pombe, na ni wachache wanaojua kwa nini niliianza.

Mimi nilikuwa mkata miti. Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitumia pawaso, ule msumeno wa injini. Hakuna aliyenifundisha. Nilimtazama mtu akikata kwa wiki mbili, akahama, nikabaki na mashine. Miti ilianguka, nikadhani najua.

Nilifanya kazi na shemeji yangu, kaka ya mke wangu, mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yake. Mimi nilikata, yeye alivuta kamba. Alikuwa mtu mpole, wa kucheka kabla hajamaliza kusema hilo jambo la kuchekesha. Tukaitwa upande wa Kehancha na mkulima wa tumbaku aliyetaka kuni za kukaushia majani yake.

Siku ya tatu, mchana, mkaratusi mmoja niliokata haukufika chini. Ulilalia mwenzake, ukanaswa kwenye matawi, ukabaki umening'inia hapo.

Shemeji akautazama kwa muda. "Omera, ndugu yangu, huu tuuache," akasema. "Huyu mzee ana ng'ombe wa kulima. Kesho tuuvute kwa mnyororo, sisi tukiwa mbali."

"Kesho ya nini? Mvua inakuja. Nikikata huu ulioushika, yote miwili itashuka pamoja."

"Na ikitushukia sisi?"

"Nilikuwa nakata miti kabla sijamwoa dada yako. Shika kamba."

Akaishika. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, aliishika kwa sababu ya heshima tu. Mimi ndiye mkubwa wake, na nilikuwa nimemwoa dada yake. Angekuwa mtu baki angekataa.

Sikufika nusu ya shina. Ule ulionaswa ulichomoka ghafla, haukushuka na mwenzake, ulijiviringisha ukaenda kando, upande aliosimama yeye. Mimi sikuguswa hata na jani. Nilipogeuka alikuwa chini, mti umemlalia kifuani. Nilikimbia nikapiga magoti, pawaso bado mkononi, injini bado inanguruma. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa ananitazama machoni na kuniambia kitu, na mimi sikusikia, kwa sababu ya kelele ya mashine niliyoshika mwenyewe. Nilipokumbuka kuizima, alikuwa amenyamaza.

Mpaka leo sijui alisema nini. Mke wangu aliniuliza. Mama yake aliniuliza.

Polisi waliandika kwamba ni ajali. Tukamleta nyumbani kwao, akazikwa. Wazee wa boma lao waliniambia kwa upole nisikaribie kaburi siku hiyo, kwa hiyo nilimzika shemeji yangu nikiwa nje ya ua, nimeshika miti ya ua, nasikiliza udongo ukimwagwa. Mke wangu alibaki kwa mama yake. Mimi nilirudi peke yangu, nikaitupa pawaso kwenye banda la kuku, nikaanza kunywa. Sitalipamba hilo. Nilikunywa chang'aa asubuhi kabla ya chai. Nikisikia mashine ikilia mbali huko, nilikuwa najifungia ndani na kumimina kikombe kingine.

Baada ya miezi saba mke wangu alirudi. Aliweka mzigo chini mlangoni akasema, "Sijarudi kwa sababu nimekusamehe. Nimerudi kwa sababu watoto wako shule." Akaingia jikoni akawasha moto. Miaka kadhaa tukaishi hivyo, watu wawili wanaopishana mlangoni.

Halafu ikaja ile mvua ya El Niño. Nyote mnaikumbuka. Kwa mama mkwe wangu kulikuwa na mkaratusi mkubwa karibu na nyumba. Ardhi ililowa, mizizi ya upande mmoja ikang'oka, mti ukainamia nyumba. Alituma mtu aniite. Sikwenda. Akatuma tena. Nikajificha.

Basi akaja mwenyewe. Nyinyi mnajua kwetu mama mkwe haji tu kwa mkwe wake. Alisimama nje ya lango langu, amegeuza uso kando kwa heshima, na mimi nikasimama ndani, nimegeuza wangu. Nilikuwa nanuka pombe saa tatu asubuhi.

"Mkwe wangu," akasema, "wamekuja vijana wawili wakataka kuupanda ule mti na panga, miguuni wamevaa ndala. Nimewafukuza. Wewe unajua kile ambacho hawa hawajui. Mimi sitaki kilio kingine cha mti katika boma langu."

"Mama, mimi sijui kitu. Ningejua, mtoto wako angekuwa hai."

"Basi nenda ukajifunze," akasema. "Ila usikawie."

Siku hiyo sikunywa. Nilikwenda upande wa Asumbi kwa fundi mmoja mzee aliyepasua mbao maisha yake yote. Nilimweleza yote, hata ile kelele ya injini. Hakunilaumu. Alinifundisha siku nne kwa gogo na chaki. Kwamba unakata mdomo, yaani pengo, kwanza upande mti unakokwenda, kisha unakata nyuma, lakini usimalize, unaacha kipande katikati kama bawaba ya mlango, ndicho kinachouongoza mti ushuke polepole. Kwamba kabla ya kuwasha mashine unafyeka njia yako ya kukimbilia, nyuma na kando, na unaitembea kwa miguu. Kwamba mti ulioinama sana unaweza kupasuka katikati na kukupiga kidevuni, kwa hiyo unalizungushia shina mnyororo. Na mti ulionaswa, akasema, haukatiwi mti ulioushika, hata siku moja. Nikalia pale kwenye maranda yake kama mtoto. Alingoja nimalize, akaendelea kufundisha.

Tulikwenda pamoja kwa mama mkwe. Fundi akauzunguka ule mti mara tatu, akanivuta kando akaniambia. Mizizi imelegea, haupandiki. Kuuvuta upande wa pili haiwezekani. Utaanguka unakotaka wenyewe.

Ikabidi mimi ndiye niseme. "Mama, nyumba siwezi kuiokoa. Naweza tu kuhakikisha hakuna mtu chini yake."

"Hii nyumba alinijengea mwanangu," akasema.

"Najua, mama. Nilimsaidia kukanda udongo."

Akapapasa ukuta kwa kiganja. Kisha akasema, "Toeni mabati."

Tukatoa mabati, mlango, madirisha, kitanda, vyungu. Watu wote tukawasogeza mbali, mara mbili ya urefu wa mti. Nikavaa helmeti ya kuazima, nikakata kama nilivyofundishwa. Mti ulishuka polepole ukazivunja zile kuta. Nikazima mashine. Kimya. Halafu mke wangu akaanza kuhesabu watu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu arudi, alikaa karibu nami akala.

Mbao za mti huo ndizo tulizoezekea nyumba mpya ya mama mkwe. Si kwamba yote yamepona. Kuna siku mke wangu anamlilia kaka yake, na mimi natoka nje nimwache alie.

Sasa, Jumatatu. Anayekuja avae viatu vilivyofunika miguu. Watoto wabaki nyumbani. Hakuna kusimama chini ya mti kutazama. Anayekata ni mmoja, na mwingine anasimama mbali akitazama juu tu, kazi yake ni hiyo peke yake. Akiinua mkono, mashine inazimwa, na hatumuulizi kwa nini mpaka izimike. Awe mdogo, awe mwanamke, awe mgeni, akiinua mkono tunasimama. Mti ukinaswa, tunalizungushia kamba eneo lote, tunakwenda nyumbani, tunatafuta ng'ombe.

Namshukuru yule fundi wa Asumbi. Namshukuru mke wangu, ambaye hakunidanganya kwamba amesamehe kabla hajasamehe. Na mama mkwe wangu, aliyeketi huko nyuma na ambaye kwa heshima siwezi kumtazama nikisema haya: erokamano, asante sana, mama. Ulinituma nikajifunze wakati ungeweza kunilaani.

Kazi ya miti ikienda vizuri, haina la kusimuliwa. Ombeni Jumatatu yetu ipite hivyo, mtu akiulizwa jioni kulikuwaje, akose cha kusema.