Mzee Lebo na Miguu ya Ndege Wawili

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti, familia imemtuma binti wa marehemu, mtoto wake wa pili, asome historia hii, kwa kuwa kaka yake aliijaribu jana sebuleni akaishia mstari wa kwanza, na huyu anayewasomea hadi sasa chozi halijamtoka, si kwa ushujaa, ni ganzi tu, mtamwia radhi.

Baba yake, ambaye wengi mlimwita Mzee Lebo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa nne wa dereva wa trekta na mkunga, alianza darasa la kwanza mwaka 1957, akamaliza kidato cha nne mwaka 1968, na tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa makumbusho, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kuandika lebo za ndege waliokaushwa na kuzifunga miguuni kwa uzi.

Humo aliwakuta ndege wadogo wa aina mbili, wa kijani kilichofifia, wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, ambao wakiwa hai mmoja hurudiarudia sauti mbili tu, huyo akamwita Fundi Saa, na mwingine huteremsha wimbo kama mtu anayeshuka ngazi, huyo akamwita Shangazi, lakini aliyekufa haimbi, kwa hiyo marehemu alitazama miguu, myeusi akaandika Fundi Saa, ya kahawia akaandika Shangazi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mama, fundi cherehani, baada ya wakwe kuuliza mara tatu kama kweli kuna mtu anayelipwa kwa kuwapa majina ndege wafu, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akatangulia mwaka 1985.

Tarehe 9 Juni 1994 alitoa drooni Shangazi mmoja ambaye miaka miwili nyuma alimsikia kwa masikio yake akiimba uani kabla hajanaswa na kukaushwa, akakuta miguu imekuwa myeusi ti, ndipo alipong'amua kwamba miguu hubadilika rangi ndege anapokauka, na kwamba ndege mia sita na kumi na wawili aliowatenganisha wakiwa wakavu huenda aliwakosea. Mkuu wake alimwambia afunike kombe mwanaharamu apite, marehemu akakataa, akaomba rula, akaanza kupima manyoya ya mabawa, moja moja, na kila alipokuta kosa hakung'oa lebo ya zamani, alifunga ya pili yenye neno Nilikosea, tarehe na sahihi yake. Cheo alipewa mwingine. Alistaafu mwaka 2009, akaendelea kwenda kila Jumanne.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akafariki Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, saa nane mchana, wodi ya tatu, kitanda cha sita, wakiwa wamebaki ndege thelathini na saba, na hao ndio aliowaulizia hadi mwisho.

Baba mdogo aliomba habari ya kosa iondolewe, akisema marehemu hasemwi, na jamani baba mdogo hakuwa na nia mbaya, lakini mama alijibu kwamba hilo ndilo lililomwamsha mumewe kwa miaka ishirini na tisa, na likiondolewa hapatabaki mtu wa kuzikwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani mliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake wa makumbusho, ambao juzi walijifungia katika chumba kile kutwa nzima na rula yake, wakawapima wote thelathini na saba, wakatupigia simu jioni kusema kwamba hao hakukosea hata mmoja.

Hilo hakulijua. Pumzika kwa amani, baba, wamekwisha.