Mama Pindo Alitaka Akili Yake Irudi

Wasikilizaji wapendwa, leo sina utani. Tunamkumbuka Mama Pindo, fundi cherehani wa nyuma ya soko. Wateja ndio waliompa jina hilo, maana pindo lake halikufumuka hata ukavaa nguo mpaka ikachakaa. Amefariki. Na niseme mapema, hakustahili kufa hivi.

Alipofiwa na mumewe, usingizi ulimkimbia. Hospitali wakampa vidonge vya usingizi. Vya muda mfupi tu, aliambiwa. Muda mfupi ukawa miaka na miaka! Hakuna aliyemuuliza, "Mama, bado unameza?" Anafika, anapewa, anaondoka.

Mwishowe akawa anasinzia kwenye cherehani. Akaanguka bafuni. Siku moja akasahau vipimo vya mteja aliyesimama mbele yake. Alilia. Akamwambia binti yake, "Mwanangu, nataka akili yangu irudi." Hicho tu ndicho alichotaka.

Muuguzi wa zahanati akamwonyesha njia: apunguze kidogo kidogo, asiache ghafla. Narudia, wasikilizaji: asiache ghafla. Mama Pindo akacheka. "Hiyo si kazi yangu? Mshono ukiuvuta kwa nguvu, utachana kitambaa." Akawa anakata vidonge kwa wembe wa kufumulia nyuzi. Alitetemeka, alinuna, aligombana hata na redio. Nadhani nami nilitukanwa. Lakini cherehani ikaanza kulia tena. Binti yake anasema, "Nilimkuta anamsema mteja kwa kununua kitambaa kibovu. Nikajua mama amerudi."

Kisha akarudi kutoka safarini kifungua mimba wake, dereva wa lori. Akamkuta mama anatetemeka, kikombe hakishikiki. Dada yake, yule binti, alikuwa kazini. Dereva akasema, "Kama ni sumu, za nini nusu nusu? Tukate mzizi wa fitina!" Akamwaga vidonge vyote chooni.

Mama akasema, "Baba, muuguzi alisema taratibu."

"Mama, niachie mimi."

Akamwachia. Mwanawe wa kwanza, tena kwa mapenzi yote yale, angembishia vipi?

Siku chache baadaye akashikwa na kifafa, mtu ambaye hakuwahi kuwa na kifafa maishani; ndicho kinachoweza kumpata anayeacha vidonge hivi ghafla. Hakuamka.

Nilikwenda msibani. Dereva hali chakula. Alinishika mkono akauliza, "Kwa nini mimi sikuambiwa?"  

Kwa binti, kwa wajukuu, poleni sana. Sitawaambia kazi ya Mungu haina makosa. Makosa haya ni yetu. Na wewe ambaye mzazi wako anameza vidonge hivi, usimnyang'anye. Nendeni zahanati, nyumba nzima, msikie maneno yale yale kwa pamoja.

Kaka dereva, najua unanisikia. Kila anayekuja hapo anakwambia hukujua. Ni kweli, hukujua. Na najua haikusaidii kitu. Pole, ndugu yangu.