Merle Dwight Tackett na Mkono Ambao Hakuupima

Marehemu Merle Dwight Tackett alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Piney Ford, Missouri, mtoto wa pili wa Hollis na Verna Tackett. Alimaliza sekondari mwaka 1969, kisha akatumikia jeshi miaka mitatu, akitengeneza bunduki.

Tarehe 9 Juni 1974 alimuoa Jolene Crider, akaanza kazi katika duka la silaha la baba mkwe wake, ambalo baadaye likawa lake. Mwaka 1986 alianza kulinganisha risasi za bastola za kaliba, yaani unene, mbalimbali. Kila Jumamosi alimimina mabonge ya jelatini yenye ulaini wa nyama, akayafunika kwa mikunjo minne ya jinzi, akayapiga risasi na kupima zilizama inchi ngapi. Mimi, mpwa wake, ndiye niliyeandika vipimo.

Wazee wa dukani hawakuacha kumtania. "Merle, milimita tisa ni ya kutishia kunguru," Clete Yoder alimwambia. "Mwanamume hubeba kaliba ya arobaini na tano."

"Tisa imezama inchi kumi na nne, arobaini na tano kumi na tatu na nusu. Kama huamini, simama mbele ya jelatini uwe shahidi."

"Shahidi akifa nani atanunua risasi kwako, bwana wee?"

Walicheka. Lakini katika daftari lile iliyoongoza ilikuwa magnamu 357, risasi yenye nguvu na teke kali, na ndiyo aliyowashauri wateja. Mwezi Aprili 1988 alimuuzia bastola ya namna hiyo Bi Opal Rusk, mjane mwenye mikono midogo.

Tarehe 3 Oktoba 1991, saa saba mchana, mtu alivunja mlango wa jikoni kwa Bi Opal. Bi Opal alipiga risasi moja, ikaingia darini. Teke la bastola lilimtegua kifundo cha mkono. Alikutwa amekufa, na risasi tano zimo bado ndani ya bastola.

Baada ya maziko binti yake, Darla, aliingia dukani. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Bwana Tackett, jelatini uliipima. Mkono wa mama yangu uliupima?"

Marehemu alifunga duka siku kumi na moja. Alipofungua, alianza daftari jipya, na mstari wa kwanza akauandika mwenyewe: "Opal Rusk. Mkono haukupimwa." Tangu hapo hakuna aliyenunua bastola kwake kabla ya kupiga risasi tano mfululizo kwenye sahani iliyowekwa hatua saba mbele yake. Aliyeshindwa alipewa kaliba ndogo zaidi, hata akinuna. Kila Oktoba alimwandikia Darla barua. Kwa miaka ishirini na saba hakujibiwa. Aliniagiza haya yasomwe leo mazikoni kwake bila kupunguzwa.

Februari 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 18 Agosti Darla alibisha hodi, na bakuli la kuku mkononi.

"Umekonda, mzee."

"Nimeshuka kaliba."

Darla hakucheka. Aliketi kando ya kitanda. "Leo ungempa mama bastola ipi?"

"Ile ambayo angeweza kuipiga mara ya pili."

Darla aliomba daftari. Alisoma mstari wa kwanza, akaendelea ukurasa baada ya ukurasa, majina mia nne na kumi na mawili ya waliopimwa mkono, mpaka chakula kikapoa.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 6 Septemba 2019, saa nne asubuhi, Jolene akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Jolene, wana wawili, Royce na Gail, wajukuu watano, dada yake, Imogene, ambaye ni mama yangu, na Darla Rusk. Jana nilimpigia Darla simu kumuuliza kama jina lake liwemo.

"Sijamsamehe," alisema. "Lakini niandike."

Nimemwandika. Mungu amjalie Merle pumziko la amani, na Opal pia.