Kapiteni Anashukaka wa Mwisho

Benchi ya Mama Ernestine iko karibu na daraja la mto Mulongwe, ubao mmoja juu ya matofali ya nyumba zenye maji ilibeba, na wenye kunywa kahawa yake kila asubuhi ni walewale: Prefe, mwalimu wa zamani mwenye hajawahi kuwa prefe, mkubwa wa shule, popote, na Niyonkuru mvunja feza, mwenye kubadilisha dola mpakani Kavimvira, tunamwitaka Dola. Siku hiyo nilifika mbio, mtoto wangu Belyse mgongoni, miezi saba tu, karatasi mkononi, kwa sababu komite ya karitie, mtaa wetu, imenichagua niongoze kikosi cha kuonya watu mto ikipanda, nyumba mia mbili, eti nilimaliza sekondari, na saa ine wanataka sahihi yangu, na mto yenyewe imeamka rangi ya udongo. Nyuma ya karatasi mfundishaji wa kikosi aliandika misemo ya Kiingereza juu ya wakubwa, na maana yake kwa Kiswahili.

— Soma, Mama Belyse, Prefe akasema.

— “Ameacha viatu vikubwa vya kujaza.” Ni kusema mwenye alitangulia alitumika kazi nzuri sana.

— Ah! Dola akaweka kikombe chini. Sisi huku shefu, mkubwa wa kazi, akitoka anabebaka mpaka kiti ya ofisi. Wao Wazungu wanaacha na viatu!

— Na ule mupya, Prefe akasema, analalaka kwanza wiki nzima pembeni ya vile viatu, anavisikiliza.

— Weye uliona wapi? Ernestine akacheka.

— Mama, ongeza kahawa. Soma ingine.

— “Mzigo inafika kwangu, inasimama.” Kosa ya kikosi yote ni ya shefu. Hawezi kuisukumia mwingine.

Ernestine akasimama na birika hewani.

— Hata kosa ya shofere?

— Hata ya shofere.

— Hata ya mbuzi yake, Prefe akasema. Kule mbuzi ikikula bustani, shefu mwenyewe anapiga magoti mbele ya mboga.

— Yesu! Dola akashika kichwa. Ndiyo maana wako na ndege.

Nikasoma ya mwisho:

— “Kapiteni anashukaka wa mwisho.”

Prefe akavua kofia.

— Mashua inazama, wote wanatoka, ye anabaki.

— Anahesabu vichwa, Dola akasema polepole.

— Anafunga tai! Maji iko mu kifua, ye anafunga tai, na samaki zinamupisha njia. Mama Belyse, kapiteni yetu ni weye. Tia sahihi!

Hata miye nikajiona kapiteni. Nikafungua kalamu.

Mama mmoja hatumjui, baadaye tukasikia ni Gloriose wa Lubarika, alisimama kununua kahawa, beseni ya nyanya kichwani. Akatuangalia.

— Na kapiteni akishuka wa mwisho, uyu mutoto anashuka na nani?

Nikakaza kitenge cha Belyse.

— Baba yake iko wapi? akauliza tena.

— Kalemie, nikasema. Kazi.

Prefe akaangalia kofia yake. Dola akapuliza kikombe tupu. Ernestine alifungua mdomo, akageukia nyumba yake, ndiyo maji inagusaka ya kwanza, akaufunga.

Nikaweka karatasi juu ya goti. Pale pa sahihi nikaandika swali ya ule mama, neno kwa neno, nikaipelekea komite.