Roketi Iliyozibwa Vizuri Mno

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na limeegemea ukuta wa shule ya msingi. Hapo hukaa Wembe, kinyozi anayekata maneno kuliko nywele. Gia, dereva mstaafu wa lori. Spoku, fundi baiskeli. Na mimi mshonaji, na cherehani yangu pembeni. Mama Birika ndiye anayetumiminia kahawa na kutunyamazisha. Wiki nzima hatukuwa na hadithi nyingine ila ya mwalimu mpya wa sayansi anayewafundisha watoto mambo ya anga. Alimwomba Spoku pampu yake na ufundi wake, wapate kurusha roketi ya chupa ya plastiki: maji kidogo ndani, kizibo chenye valvu mdomoni, unajaza upepo mpaka kizibo kifyatuke na chupa ipae. Asubuhi hii tulisimama juu ya benchi kuchungulia. Watoto wakahesabu kutoka kumi mpaka sifuri, wakarudia, wakarudia tena. Chupa hata kutikisika haikutikisika. Mwalimu akahofia isije ikapasuka, akawarudisha darasani. Tukashuka, na hapo mjadala ukaanza.

Wembe: Kosa ni saa. Mwezi ukiwa mpevu nywele hukua haraka, kwa nini? Mwezi unavuta! Sasa wewe unarusha roketi asubuhi, mwezi umelala, nani aivute?

Gia: Baki na vichwa vya watu wewe. Kwenda juu ni kupanda kilima, na kilima ni gia namba moja. Wale wamejaza upepo kwa pupa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mama Birika: Simba gani tena? Watoto wanakwenda mwezini, wewe unawapeleka porini.

Wembe: Hata ingepaa ingerudi. Mpanda ngazi hushuka. Chupa imepiga hesabu, ikaona ya nini kujisumbua.

Gia: Halafu huko juu hakuna barabara. Pasipo na barabara hakuna breki. Na chombo kisicho na breki hakiondoki kituoni, hiyo ni sheria.

Mimi: Sheria ya nani?

Gia: Ya lori langu!

Tulicheka mpaka benchi likataka kututupa. Spoku hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa, hajaigusa.

Spoku: Ni mimi.

Wembe: Wewe nini?

Spoku: Niliyeizuia. Jana nilijaribu kile kizibo kwenye karai la maji, nikaona mapovu. Nikapaka gundi ya solusheni. Nikarudia. Juu yake nikakaza kipande cha tyubu.

Gia: Lakini si kinatakiwa kifyatuke?

Spoku: Najua! Mwalimu alinieleza, nikaitikia. Lakini miaka thelathini na mitano, nikiona mapovu, naziba. Mkono haukuniuliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama Birika: Na ukuta umeujenga, kaka yangu.

Spoku akawa anajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Spoku: Mnajua niliacha shule siku gani? Mwalimu wetu alichora mwezi ubaoni, mduara mkubwa, akauliza mbona hauanguki. Akasema, "Kesho nitawaambia." Asubuhi yake mjomba akaja kunichukua nikajifunze ufundi. Basi. Mpaka leo nikiuona mwezi namsubiri yule mwalimu.

Wembe: Ungemuuliza mtu, bwana.

Spoku: Nani? Wewe na nywele zako?

Miaka yote hii nimekaa na Spoku benchi moja, nimemshonea suruali tatu, na sikujua kwamba ana kitu anachokitamani kiasi hicho. Nilimwonea uchungu. Na nilijionea uchungu mimi pia, maana hata mimi sijui kwa nini hauanguki.

Kengele ya mapumziko ikalia. Mara akatokea msichana wa kama miaka tisa, sare imelowa maji kifuani, pampu kwapani na ile chupa mkononi. Akatuamkia mmoja mmoja, kisha akamkabidhi Spoku chupa kwa mikono miwili.

Msichana: Fundi, mwalimu anakusalimu. Anaomba ukitoe hicho kizibo, utie kingine. Kisikazwe sana.

Spoku: Mmenikasirikia, mwanangu?

Msichana: Hapana. Mwalimu anasema roketi ya kwanza huwa hairuki.

Akatutazama wote wanne, na Mama Birika wa tano, kwa macho ya mtu anayetaka kujua kweli.

Msichana: Eti, yenu ya kwanza iliruka?

Gia akatazama viatu vyake. Wembe akapuliza kikombe kisicho na kitu. Mimi nikazungusha gurudumu la cherehani ambayo haikuwa na nguo. Mama Birika akainua birika amimine, watu wapate la kufanya, likatoa matone mawili na mashapo ya kahawa.

Msichana: Basi mtakuja kuiona yetu. Tunarusha tena kesho. Mwalimu anasema anayejaza upepo anasimama mbele kabisa, na sisi mikono yetu haina nguvu.

Spoku alikuwa ameshaanza kubandua tyubu kwa kucha, polepole, asiikwaruze chupa.

Spoku: Hiyo kesho, mwanangu, ni saa ngapi?