Dada Yetu, Aliyewafundisha Wauguzi Wasifungue Mlango

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, kitindamimba, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, kazi ambayo ningemwachia yeyote aliyeitaka.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, ambako wenzake walimwita Machozi kwa jinsi alivyojua kujiliza akitaka ruhusa ya kurudi nyumbani. Mwaka 1998 alihitimu uuguzi, akaajiriwa hospitali ya wilaya, na mlipuko wa kwanza wa homa ya kuambukiza ulipomchukulia wenzake wawili akarudi chuoni kutafiti jambo moja, mafunzo gani humkaa muuguzi kichwani siku ya hatari.

Aligundua kwamba semina za ukumbini huingia sikio hili zikatokea lile, kwani waliofundishwa kwa maneno matupu walimfungulia ndugu wa mgonjwa alipolia mlangoni mwa wodi ya karantini, ila waliozoezwa kwa kushtukizwa hawakufungua. Basi katika mazoezi hayo yeye mwenyewe akaigiza ndugu huyo, akigaagaa mlangoni wodi baada ya wodi, na alipojizoeza kulia jikoni kwake majirani walikuja mbio kuuliza msiba ni wa nani, shemeji akawatuliza kwamba mke wake yuko kazini.

Shemeji huyo, dereva wa gari la wagonjwa, alifunga naye ndoa tarehe 15 Desemba 2001, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 3 mwezi huu alishikwa na homa, tarehe 5 akalazwa karantini. Shemeji alisimama mlangoni akalia, akaomba amshike mkono tu, na muuguzi aliyefundishwa na dada, naye akilia ndani ya barakoa, hakufungua. Dada alifariki tarehe 8, saa saba mchana, bila mtu wake hata mmoja. Hakuna mwingine aliyeambukizwa, utafiti wake ulikuwa sahihi, na tungefarijika kidogo kama angekuwepo wa kumlaumu, lakini hayupo.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliowapikia mabinti, wafanyakazi wenzake, na wewe muuguzi, ninayekuona umekaa kiti cha nyuma kabisa. Ulifanya ilivyopasa, binti, ila leo usije kumpa shemeji mkono wa pole, bado hawezi kukutazama.

Dada, wewe pumzika kwa amani, maana sisi hatunayo.