LaVonne Haugstad na Shabaha Isiyopigwa

Baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha shabaha, kwenye chumba cha kalibu za kumiminia maumbo, LaVonne Haugstad anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Mei. Wanaosema kiwanda kitapoa hawajakosea. Sauti yake ilizishinda mashine zote.

Alianza kwa kupaka rangi kulungu wa sponji wanaolengwa na wapiga mishale. Macho ya kulungu wake yalikuwa hai kiasi kwamba mbwa wa mlinzi aliwabwekea msimu mzima. Kisha zikaja shabaha za watu, zile za mpira ambazo askari na raia hujifunzia kujihami. LaVonne akachonga majambazi wenye sura mbaya hivi kwamba bosi wetu, Curtis Brandvold, alikataa kubaki nao ghalani peke yake. Samahani, Curtis, leo tunasema yote.

Lakini kazi yake kubwa ilianza kwa ugomvi. Alitaka tutengeneze pia mtu asiye na silaha, ili mlengaji azoee kutazama mikono kabla ya kufyatua. Curtis alicheka hadi akashika mbavu.

"Nani atanunua shabaha isiyopigwa, LaVonne? Hebu nitajie hata mmoja!"

"Yeyote asiyetaka kuua mtoto wa watu! Usiponipa kalibu hiyo, Curt, naondoka zangu."

Na LaVonne si mtu wa kutishia nyau. Tulijua akiondoka, harudi.

Hapa kwetu shabaha mpya haiuzwi kabla bosi hajaijaribu Jumamosi, sote tukitazama. LaVonne akaunda moja kwa vipande vya zamani, bila ruhusa ya mtu. Curtis, ambaye hujisifu kwa kulenga kuliko kwa jambo lolote, akasukuma mlango wa kibanda cha mazoezi. Mbele yake mtu mwenye kofia ya baridi alikuwa ameinua kitu kilichofunikwa kitambaa. Pa! Pa! Risasi zote mbili kifuani, katikati kabisa. Tukapiga makofi.

LaVonne akaenda kufunua kitambaa. Lilikuwa bakuli la viazi na nyama ya kuoka, kama yale tunayopelekeana hapa Minnesota nyumba inapofiwa.

"Hongera, bosi. Umemuua jirani aliyekuja kukupa pole."

Makofi yakakatika. Curtis aliketi kwenye ngazi, akavua miwani. "Chonga," alisema mwishowe. "Chonga wengi." LaVonne akachonga mwenye simu, mwenye funguo, mama aliyembeba mtoto, na tukawauza hadi majimbo ya jirani. Tulifurahi mno!

Machi iliyopita askari mmoja, Kirsten Oyen, alifika bila miadi akimtafuta "yule mama wa mikono". Alieleza kwamba alimsimamisha dereva barabarani, na dereva akachomoa ghafla kitu cheusi kotini. Kidole cha Kirsten kilikuwa tayari kwenye kifyatulio cha bastola.

"Nikatazama mikono kwanza, mama, kama watu wako walivyonizoesha. Ilikuwa simu."

Siku hiyo LaVonne alizima mashine yake, akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo.

Asante kwa yote, LaVonne. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na raha tele. Sasa geuka nyuma. Yule mwanamume aliyesimama mlangoni, amembeba binti yake, ndiye dereva mwenyewe. Ameomba akushike mkono.